Njia Isiyozungukika: Ushindani na Utawala wa Soko la Matangazo ya Simu na Intaneti katika Gitega na Muyinga

Soko la matangazo ya simu na intaneti limejadiliwa kwa kirefu katika mahakama za Marekani na katika ofisi za Tume ya Ulaya mjini Brussels, na hukumu zilizotolewa huko zimejaza kurasa nyingi. Lakini swali linaloshughulikiwa na hukumu hizo, yaani nani anamiliki njia ambayo habari za bidhaa hupitia kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi, lina uzito uleule, na pengine mkubwa zaidi, katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi, ambako njia zenyewe ni chache na kila inayofungwa huacha pengo linaloonekana. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba utawala wa soko hilo hauwezi kupimwa kwa bei ya tangazo, kwa sababu katika miji kama hii bei inaweza kuwa ndogo sana na utawala ukawa mkubwa sana. Kipimo kinachofaa ni kama mwenye bidhaa, akiyakataa masharti ya kampuni iliyo mbele yake, anayo njia nyingine ya kumfikia mnunuzi yuleyule.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Ushindani ni hali ambayo wauzaji wawili au zaidi wanamgombania mteja mmoja, naye anaweza kumwacha huyu na kwenda kwa yule bila hasara kubwa. Utawala wa soko ni nguvu ya kampuni kupandisha bei, kupunguza ubora au kubadili masharti bila kuogopa kwamba wateja wake watahama, nao hutofautiana na ukiritimba kamili, ambapo muuzaji ni mmoja tu, kwa kuwa kampuni inaweza kabisa kulitawala soko lenye washindani kadhaa walio dhaifu. Sheria za ushindani za nchi nyingi, ya Burundi ikiwemo, hazikatazi ukubwa wenyewe, bali zinakataza kuutumia vibaya, kwa mfano kumlazimisha mteja kununua huduma ya pili ili aipate ya kwanza. Mtangazaji, katika mhadhara huu, ni mwenye bidhaa anayelipia tangazo, si msomaji wa habari redioni. Na soko la pande mbili ni lile ambalo kampuni moja inawahudumia watu wa aina mbili kwa wakati mmoja, upande mmoja watazamaji au wasikilizaji ambao mara nyingi hawatozwi chochote, na upande wa pili watangazaji wanaolipa ili wawafikie hao wa kwanza. Ugumu wote wa kisheria unatokana na umbo hilo la pande mbili, kwa kuwa asiyelipa fedha hulipa kwa muda wake na kwa habari zake binafsi, vitu ambavyo havina risiti.

Gitega ilithibitishwa kisheria kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwanzoni mwa mwaka 2019, ingawa Bujumbura imebaki kuwa mji mkuu wa biashara, na huko ndiko yaliko makao ya benki nyingi, ya kampuni za simu na ya wale wanaoamua fedha za matangazo zitumike wapi. Muyinga, kaskazini-mashariki, ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilo mpaka mageuzi ya mwaka 2025 yalipopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na kuliingiza eneo hilo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Miji hiyo miwili inaunganishwa na barabara inayopita Karusi, kisha safari huendelea hadi Kobero, mpakani mwa Tanzania, ambako malori hupita yakielekea Ngara na hatimaye Dar es Salaam. Kirundi ni lugha ya kila mtu huko, Kifaransa ni lugha ya karatasi za serikali, na Kiswahili ni lugha ya wafanyabiashara, madereva na mitaa ya Waislamu. Kwa hiyo tangazo linaloandikwa kwa ajili ya Muyinga linaanza na uamuzi wa lugha ambao mtangazaji wa Paris hana haja ya kuufikiria.

Watumiaji wa intaneti nchini Burundi bado ni wachache, takriban mtu mmoja kati ya kumi kwa makadirio ya kimataifa, wakati redio inasikika karibu kila kilima na simu ndogo ya vitufe imefika katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa na umeme. Kutokana na hali hiyo, soko la matangazo katika miji hii lina ngazi mbili zinazotakiwa kuchunguzwa kila moja peke yake kabla ya kuunganishwa. Ngazi ya chini ni ya ujumbe mfupi, redio, kuta zilizopakwa rangi na vibanda vya mawakala, na watawala wake ni kampuni za simu. Ngazi ya juu ni ya simu janja na intaneti, na watawala wake wako mbali sana na Burundi.

Ngazi ya chini ndiyo inayowagusa watu wengi, nayo imepata uchunguzi mdogo kuliko inavyostahili. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, nchi hii ndogo ilikuwa na kampuni nyingi za simu za mkononi kuliko hata baadhi ya nchi kubwa za Ulaya: U-Com iliyouza huduma zake kwa jina la Leo, Econet, Africell iliyojulikana kwa jina la Tempo, Onamob ya shirika la serikali la Onatel, na Smart. Mwaka 2014 Econet, kampuni yenye asili ya Zimbabwe, iliinunua U-Com na hapo ikazaliwa Econet Leo. Mwaka uliofuata Viettel ya Vietnam, kampuni inayomilikiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, ilianzisha Lumitel, ikajenga minara vijijini kwa kasi ambayo washindani wake hawakuiweza, na ikawa kampuni yenye wateja wengi zaidi nchini. Waliobaki na uzito katika soko ni Lumitel na Econet Leo, na Onamob ikiwa nyuma yao kwa mbali. Haki inadai isemwe wazi kwamba Lumitel ilipata nafasi yake kwa kujenga pale ambapo wengine hawakujenga, na kwamba mkulima wa vilima vya Muyinga aliyepata mtandao kwa mara ya kwanza hakudhulumiwa na ujenzi huo. Ukubwa uliopatikana kwa kazi si kosa; linalohitaji uangalizi ni kile kinachofanywa na ukubwa huo baadaye.

Kampuni ya simu ina vitu vitatu ambavyo mtangazaji wa kawaida hawezi kuvipata kwingine. Kwanza inamiliki orodha ya namba: inajua namba zipi hutumika kila siku katika mtaa wa Magarama mjini Gitega, zipi hununua vifurushi vya usiku, zipi huvuka mpaka Kobero siku za soko. Ujumbe wa matangazo unaotumwa kwa wateja wengi kwa pamoja hauingii na namba ya mtu anayeweza kupigiwa au kujibiwa, bali unaingia na jina la kampuni juu yake, na mwenye simu, hata kama ni mwanamke anayeuza maharage sokoni Muyinga na ambaye hakuomba ujumbe wowote, hana kitufe rahisi cha kuukataa. Ujumbe huo, unapotangaza kifurushi cha kampuni yenyewe, hauigharimu kampuni karibu chochote. Muuza magodoro wa Gitega anayetaka kuwajulisha wateja walewale kwamba mzigo mpya umefika analazimika kununua nafasi hiyo kwa kampuni hiyo, kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyo, na kwa ratiba inayotanguliza matangazo ya kampuni hiyo. Hakuna duka jingine linalouza njia ya kufika kwenye simu hizo, kwa kuwa mteja wa Lumitel hupatikana kwa Lumitel na mteja wa Econet Leo hupatikana kwa Econet Leo. Wanaotawala ni wawili, lakini kwa mtangazaji kila mmoja ni mlango wa peke yake.

Pili, kampuni inamiliki malipo. Lumicash ya Lumitel na EcoCash ya Econet Leo zimekuwa kwa watu wengi wasio na akaunti za benki njia ya kwanza ya kutuma na kupokea fedha, na huduma hizo hufunguka hata kwenye simu ya vitufe kwa kubonyeza nyota, namba na alama ya reli. Orodha ya chaguo inayojitokeza baada ya kubonyeza hivyo ni mahali pa matangazo ingawa watu wachache huiita hivyo, kwa sababu huduma iliyowekwa katika nafasi ya kwanza hubonyezwa zaidi kuliko iliyofichwa katika ukurasa wa tatu, na mwenye orodha ndiye anayeamua mpangilio. Tatu, kampuni za simu, pamoja na kiwanda cha bia cha Brarudi na mabenki, ni miongoni mwa watangazaji wakubwa wa redio, kwa hiyo redio inayotaka kuchunguza bei za vifurushi au ubora wa mtandao inajua vizuri nani anasaidia kulipia mafuta ya jenereta yake. Kampuni inayouza tangazo, inayonunua tangazo na inayokusanya malipo ya bidhaa iliyotangazwa imeshika nafasi ambayo waandishi wa sheria za ushindani wa zamani, waliofikiria viwanda vya saruji na sukari, hawakuiona ikija.

Mpaka wa Kobero unaongeza jambo ambalo halionekani kwenye ramani. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Ngara huibadili laini ya Burundi akaweka ya Tanzania, na akichagua Halotel anaweza kuamini kwamba ametoka kwa kampuni moja akaingia kwa nyingine, kumbe Halotel, iliyoanza kazi Tanzania mwaka uleule wa 2015, ni mali ya Viettel kama ilivyo Lumitel. Kwa sheria ya nchi moja moja, hizi ni kampuni mbili katika masoko mawili. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya biashara yako kati ya Muyinga na Kahama, mwenye njia anaweza kuwa yuleyule pande zote mbili. Upande wa Tanzania, hata hivyo, Halotel inapambana na Vodacom, Airtel na Yas, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Tigo, na ushindani huo mpana ni sababu moja ya watu wa mpakani kuweka laini mbili mfukoni.

Ngazi ya juu inafanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Mtu anapofungua ukurasa wa gazeti kwenye simu janja, nafasi ya tangazo iliyo katika ukurasa huo huuzwa kwa mnada unaoanza na kumalizika kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Programu inayomsaidia mchapishaji, yaani mwenye tovuti, kupanga na kuuza nafasi zake huitwa seva ya matangazo. Mahali zabuni zinapokutana ni soko la mnada. Na upande wa pili kuna zana ambazo watangazaji hutumia kuweka zabuni zao. Google iliingia kwa nguvu katika biashara hiyo ilipoinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, ununuzi uliotangazwa mwaka 2007 na kukamilika mwaka 2008, na baada ya hapo ikawa na mkono katika hatua zote tatu, mfano wa dalali mmoja wa ng'ombe anayemwakilisha mfugaji, anayemwakilisha mnunuzi, na ambaye pia ni mwenye uwanja wa mnada. Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Virginia aliamua kwamba Google ilijenga ukiritimba kinyume cha sheria katika seva za matangazo za wachapishaji na katika soko la mnada, na kwamba ilivifunga viwili hivyo pamoja ili mchapishaji asiweze kukitumia kimoja vizuri bila kingine. Katika madai ya zana za watangazaji, serikali ya Marekani ilishindwa. Ushahidi uliotolewa ulionyesha kwamba soko hilo la mnada lilikuwa likitoza takriban asilimia 20 ya kila mauzo kwa miaka mingi, na kwamba ada hiyo haikushuka hata biashara ilipokua, jambo ambalo katika soko lenye ushindani wa kweli lingekuwa gumu kulieleza. Septemba 2025 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.95 kwa mwenendo wa aina hiyohiyo, na Ufaransa ilikuwa imetangulia mwaka 2021 kwa faini ya yuro milioni 220.

Kuhusu simu za mkononi hasa, kisa chenye mafunzo makubwa zaidi ni cha AdMob, kampuni changa iliyokuwa ikiweka matangazo ndani ya programu za simu, na kinastahili kusimuliwa polepole. Novemba 2009 Google ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 750. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, chombo kinachosimamia ushindani na kulinda watumiaji, ilichunguza kwa miezi kadhaa, na maofisa wake walikuwa na wasiwasi wa wazi kwamba kampuni mbili zilizoongoza katika matangazo ya simu zingekuwa moja. Kisha Apple ikainunua Quattro Wireless na kutangaza huduma yake ya matangazo iliyoitwa iAd, na Mei 2010 Tume ikauruhusu ununuzi wa AdMob kwa hoja kwamba Apple ingekuwa mshindani wa kutosha. Apple iliifunga iAd mwaka 2016. Mshindani aliyetumiwa kama sababu ya kuruhusu muungano alitoweka ndani ya miaka sita, lakini muungano ukabaki, na programu nyingi za bure zinazopakuliwa leo katika simu za Gitega, michezo ya watoto ikiwemo, huonyesha matangazo yanayopitia AdMob. Wakaguzi wa mwaka 2010 hawakuwa wazembe. Walipima ahadi ya ushindani mahali ambapo walitakiwa kupima njia zilizokuwepo tayari.

Sehemu kubwa ya simu janja zinazouzwa Burundi zinatumia mfumo wa Android, na nyingi kati ya hizo ni Tecno, itel na Infinix, majina matatu ya kampuni moja ya China inayoitwa Transsion, ambayo ilijikita Afrika kabla ya kujulikana kwingineko. Tume ya Ulaya ilieleza mwaka 2018, ilipoitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 ambayo mahakama iliipunguza kidogo baadaye, kwamba watengenezaji wa simu walilazimishwa kuweka programu ya kutafuta ya Google na kivinjari chake ili waruhusiwe kuweka duka la programu ambalo wateja walilihitaji. Uamuzi huo uliwapa watumiaji wa Ulaya skrini ya kuchagua kivinjari na huduma ya kutafuta. Muyinga haikuwa ndani ya mamlaka ya Brussels.

Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, inasimama peke yake kwa namna nyingine, kwa kuwa biashara ndogo za Burundi zinazotumia intaneti zinauza kwa picha zilizowekwa kwenye hali ya WhatsApp na katika makundi yake kabla hata hazijafikiria tovuti. Mapato ya kampuni hiyo kwa mwaka 2024 yalizidi dola bilioni 160, karibu yote yakitokana na matangazo, nayo ni makumi ya mara ya pato zima la taifa la Burundi. Tarehe 18 Novemba 2025 Jaji James Boasberg wa Washington aliamua kwamba serikali ya Marekani haikuthibitisha kuwa Meta ina ukiritimba kwa sasa, kwa kuwa watu wamehamia kwa wingi kutazama video za TikTok na YouTube, na kwa hiyo ununuzi wa Instagram mwaka 2012 na wa WhatsApp mwaka 2014 hautavunjwa. Hoja hiyo inaweza kuwa sahihi kwa Marekani, lakini haisafiri vizuri. Video hula kifurushi kwa dakika chache, wakati ujumbe wa WhatsApp hula kidogo sana. Mtu anayenunua intaneti kwa siku moja kwa faranga chache alizobakiza haoni TikTok kuwa mbadala wa WhatsApp, bali anaiona kuwa anasa ya siku ya mshahara. Gharama ya data inachora mpaka wa soko, na mpaka huo unapita mahali tofauti Gitega na unakopita Washington.

Suala la bei sasa linaweza kurudiwa kwa uangalifu zaidi. Kwa kuwa mnada hupandisha bei pale watangazaji wanapokuwa wengi, na kwa kuwa watangazaji wanaolenga Burundi ni wachache, tangazo la Facebook linaloonyeshwa kwa watu elfu moja wa Gitega hugharimu sehemu ndogo tu ya kile ambacho lingegharimu Brussels. Mchambuzi anayetazama bei peke yake angesema kwamba mtangazaji wa Burundi ananufaika. Lakini bei hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, na kwa kadi inayokubaliwa nje ya nchi, katika uchumi ambao umekosa dola kwa miaka mingi kiasi kwamba vituo vya mafuta vilikuwa vikikauka kwa wiki nzima. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, na hata hivyo pengo kati ya bei hiyo na ya mtaani halikuzibika. Muuza magodoro aliyetajwa awali, mwenye faranga nyingi kwenye akaunti yake ya Lumicash, hawezi kuzitumia kushiriki mnada huo. Itambidi atafute mwenye kadi, mara nyingi ndugu aliye ughaibuni au kijana wa Bujumbura anayefanya kazi hiyo kwa ujira, na gharama ya kumpata huyo haionekani katika takwimu yoyote ya bei za matangazo. Anayeuvuka ukuta huo bila shida ni shirika la kimataifa, benki au kampuni ya simu. Kwa maneno mengine, uhaba wa fedha za kigeni unaupa nguvu ya ziada utawala wa kampuni za simu katika ngazi ya chini, kwa kuwa unamrudisha mfanyabiashara mdogo kwenye njia zinazopokea faranga.

Kwa mchapishaji hali ni hiyohiyo ikigeuzwa upande. Tovuti ya habari inayouza nafasi zake kupitia huduma ya Google ya AdSense hailipwi mpaka mapato yake yafikie dola 100, kiwango ambacho tovuti kubwa ya Paris hukipita kwa siku na ambacho tovuti ya Kirundi yenye wasomaji wachache, wanaouzwa kwa bei ndogo katika mnada, inaweza kukisubiri kwa miezi. Vyombo vya habari vya Burundi havikuanza kuumia kwa sababu ya Google: redio kadhaa za binafsi zilichomwa au kubomolewa wakati wa jaribio la mapinduzi la Mei 2015, na tovuti ya Iwacu, gazeti linaloheshimika, ilizuiwa nchini kuanzia mwaka 2017. Hata hivyo chombo kilichonusurika na siasa kinahitaji mapato ili kiishi, na mapato ya matangazo ya mtandaoni yanapoishia California, kinachobaki ni ruzuku ya wafadhili au fadhila ya watangazaji wachache wakubwa wa ndani, na mhariri anayetegemea viwili hivyo hana uhuru ambao wasomaji wake wanastahili kuupata. Afrika Kusini ililitazama tatizo hili moja kwa moja: Tume yake ya Ushindani ilichunguza uhusiano kati ya majukwaa ya kidijitali na vyombo vya habari, na ripoti ya mwisho ya Novemba 2025 iliambatana na makubaliano ambayo Google ilikubali kutoa randi milioni 688 kusaidia vyombo vya habari vya nchi hiyo, vikiwemo vya jamii na vya lugha za Kiafrika. Mtu anaweza kulalamika kwamba kiasi hicho ni kidogo kwa kampuni kubwa namna hiyo; Burundi haijaletewa hata mazungumzo.

Sheria haikosekani. Burundi ina sheria ya ushindani ya mwaka 2010, iliyoandikwa vizuri kuhusu matumizi mabaya ya nafasi ya kutawala soko, lakini sheria bila chombo chenye wachunguzi, bajeti na mamlaka ya kudai nyaraka haimwogopeshi mtu. Shirika la kusimamia mawasiliano, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa ARCT, linatoa leseni na kusimamia masafa na ubora wa mtandao, na lingeweza bila sheria mpya kubwa kuagiza kwamba ujumbe wa matangazo uuzwe kwa bei moja iliyotangazwa kwa kila mtangazaji, kwamba matangazo ya kampuni yenyewe yasipewe kipaumbele, na kwamba mwenye simu aweze kuyakataa kwa kubonyeza mara moja. Kenya ilionyesha mwaka 2014 kwamba amri ya aina hii inawezekana, pale mamlaka yake ya ushindani ilipoondoa sharti lililowazuia mawakala wa M-Pesa, huduma ya fedha ya Safaricom, kuhudumia kampuni nyingine. Safaricom haikufilisika, na wakala mmoja akaweza kuweka mabango mawili mlangoni.

Njia ya kodi, ambayo serikali nyingi za ukanda huu zimeipenda, inahitaji tahadhari. Kenya ilianza mwaka 2021 kutoza asilimia 1.5 ya mapato ya huduma za kidijitali, Tanzania ikafuata mwaka 2022 kwa asilimia 2, na hazina zina haki ya kudai sehemu yao. Lakini Uingereza ilipoanzisha kodi ya asilimia 2, Google iliwaongezea watangazaji wa huko ada ya asilimia 2 kuanzia Novemba 2020, bila dalili kwamba walihama kwa wingi kwa sababu hiyo. Kampuni inayoweza kumbebesha mteja kodi yake yote bila kumpoteza imejithibitisha yenyewe kuwa inatawala soko, na nchi inayoishia kwenye kodi imechagua kupata sehemu ya faida ya utawala huo badala ya kuupunguza.

Dhidi ya kampuni za ukubwa wa Google na Meta, Burundi peke yake haina uzito wa kutosha, na hilo si aibu, kwa kuwa nchi kubwa zaidi zimeungana kwa sababu hiyohiyo. Nigeria iliweza kuitoza Meta faini ya dola milioni 220 mwaka 2024, na baraza la rufaa likaithibitisha mwaka uliofuata, kwa sababu Meta haiwezi kulipuuza soko la watu zaidi ya milioni 200. Soko la Burundi linaweza kupuuzwa. Burundi ni mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo tume yake ya ushindani imefanya kazi Lilongwe tangu mwaka 2013, na ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, jumuiya ambayo ilitunga sheria yake ya ushindani mwaka 2006 na kuipa mamlaka yenye makao Arusha. Tanzania haimo katika COMESA. Kwa hiyo suala la Kobero, ambapo mwenye Lumitel na mwenye Halotel ni mmoja, pamoja na swali la kama mfanyabiashara wa mpakani anaweza kutangaza bidhaa zake pande zote mbili kwa bei na masharti yanayojulikana, haliwezi kupelekwa Lilongwe, bali ni la Arusha. Malalamiko ya kwanza ya aina hiyo hayatakuwa na haja ya nadharia ngumu: yatahitaji orodha za bei za ujumbe wa matangazo kutoka pande mbili za mpaka, mikataba ya watangazaji watakaokubali kuitoa, na wakili wa Gitega au wa Muyinga aliye tayari kuyaandika.